Gunia la Nyuma, Upande wa Kulia

Kharkiv, 8 Machi 1960

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Miguu ya Bibi inaendeleaje?

Asante kwa kunipitia shuleni Jumapili na gari mnalolijaribu kiwandani. Varenyky za viazi za Bibi tulizimaliza bwenini. Lakini nina ombi, na naona haya kuliandika. Ulipofungua gari mbele ukatoa sufuria, Rimma, mwenzangu wa bwenini, alipiga kelele dirishani: "Jamani, injini imedondoka njiani! Mzee wa watu kabakiwa na sufuria!" Wakacheka wote. Sasa naitwa Binti Kibiongo, kwa sababu ya ule mgongo wa gari. Baba yake Rimma huja na Volga, gari la wakubwa.

Ukija tena, tafadhali simama kituo cha tramu. Nitakufuata kwa miguu.

Mwanao,
Orysia


Zaporizhzhia, 15 Machi 1960

Binti yangu,

Marahaba. Bibi hajambo, miguu ni ileile. Nimekuelewa. Nitasimama kwenye tramu.

Mwambie Rimma injini iko nyuma. Haiwezi kudondoka tusijue, kwa kelele ile! Bado inachemka kwenye miinuko, ndiyo maana tumeliwekea gari masikio ubavuni livute hewa. Tunataka familia yenye kipato kidogo nayo iende mtoni Jumapili.

Ni gari la watu wanne, kwa hiyo tunalijaribu likiwa limejaa. Abiria hatuna, tunapakia magunia ya mchanga, na kila dereva huyapa majina ya watu wa kwao. La mbele ni Bibi; linanung'unika kila shimo. Nyuma kushoto ni marehemu mama yako. Kulia ni wewe. Mwenzangu Panas alitaka kulipunguza lako. Nikamwambia, "Wee, liache! Mtoto anakua."

Baba yako


Kharkiv, 4 Aprili 1960

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hukupata mafua.

Jana nilikukuta kwenye tramu, umesimama kwenye theluji nyevu, na gari umelifunika turubai lote, hata magurudumu. Ulisema ni desturi ya majaribio. Lakini mara ya kwanza hukulifunika, Baba. Ulinipa sufuria, ukatazama kama kuna mtu anatuona, ukaniambia, "Haya, kimbia, wenzako wasikuone." Niliondoka mbio kweli. Nilipogeuka ulikuwa unafungua turubai peke yako, vidole vyako vyekundu.

Varenyky sikuzigusa, niliwagawia wenzangu. Rimma aliuliza nani kaleta. Nikasema, "Baba yangu. Anatengeneza gari." Akasema, "Lile?" Nikasema, "Lile."

Jumapili ijayo njoo mpaka langoni, bila turubai. Uniombee ruhusa, tuzunguke hata mtaa mmoja. Gunia langu lishushe, nitakaa mwenyewe. Wakicheka, wacheke; mimi nitakuwa karibu na injini, sitawasikia.

Usipojibu sitauliza kwa nini. Nitasimama langoni tu, na sufuria ya Bibi nimeshaiosha.

Mwanao,
Orysia