Ngoma ya Bibi Yako

Mjukuu wangu Nyemo,

Bibi yako amekufa. Tumemzika, ukarudi chuoni, na juzi kwenye simu uliniuliza kama bado upige ngoma yake siku ya sanaa hapo chuoni, au uwaambie wenzako una msiba. Sikujibu, maana watu walikuwa wamejaa uani. Shikamoo yako nimepokea, marahaba. Baba yako mdogo amesharudi Kolo, na mbuzi wa bibi amezaa mapacha.

Nilipomwona bibi yako mara ya kwanza alikuwa msichana, na mama yake alikuwa amezikwa siku si nyingi. Mavuno yalikuwa yameisha, wanawake wanapiga muheme, ngoma yao ya mavuno, ngoma wamezibana mapajani. Yeye akaja na ngoma ya mama yake, ngozi imelegea. Akanitazama.

"Wewe kijana, umesimama tu kama nguzo? Washa mabua."

Nikawasha, akaiotesha moto mpaka ngozi ikakaza.

Shangazi yake akamwambia, "Kaburi la mama yako bado bichi, wewe unapiga ngoma?"

Akajibu, "Ngoma ni yake, shangazi. Nataka kumsikia."

Alipiga machozi yanamtoka, wala hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. Shangazi akavuta ngoma yake, akakaa karibu naye.

Ngoma ya bibi yako nimempa kondakta wa basi la asubuhi, kaipokee stendi. Huko hawatakuruhusu kuwasha moto, basi ianike juani kwanza.

Mimi kesho narudi kazini Msalato, kuchanganya zege.

Babu yako