Makapu Hayarudi Matupu

Mohoro, Alhamisi, mwezi wa Shaabani. Jua limetuchoma tangu asubuhi, mto umenywea, na upande wa milima ya Umatumbi moshi umesimama kama jana na juzi. Roho yangu imenuna. Tumbo nalo, ambalo si kawaida yake kununa, leo limeungana na roho.

Nijieleze kidogo, ingawa sijui namweleza nani. Miye ni mwalimu wa chuo, mtu wa Kibiti, unene umenizidi elimu. Nawasomesha Kurani watoto wa askari wa boma la Wadachi. Baba zao wako huko milimani, wanapigana na watu waliokunywa maji wakaambiwa risasi haitawaingia. Mke wangu, Mwanahija, kwao ni huko huko. Dada yake, Somoe, ana watoto na shamba la mpunga huko, na hatujui kama yu hai.

Mwezi uliopita watoto waliniambia wanataka kuwashukuru baba zao. Nikafurahi. Tukasuka makapu, mama zao wakakaanga visheti, nami nikasoma dua kwa ile sauti nzito ninayoitoa watu wakiwa wengi. Wapagazi wakayachukua.

Jambo moja sikulifikiri, nami ndiye niliyewafundisha watoto hao kwamba chombo cha mwenzio hakirudishwi kitupu. Baba zao wamefundwa vivyo hivyo. Sasa mtu aliye vitani atatia nini ndani ya kapu?

Leo asubuhi makapu yamerudi, yamejaa mpunga.

Haukuwa mpunga wa ghalani. Ulikuwa bado kwenye masuke, umefungwa mafungu mafungu kwa ukindu, mweusi kwa moshi. Kila mtu wa Rufiji, hata mvivu wa jembe kama miye, anaujua mpunga huo. Ni mbegu. Hutundikwa juu ya meko ili wadudu wasiuguse, na njaa iume itakavyouma, haushushwi mpaka mvua ya kupandia. Aliyenyang'anywa huo hana mwaka ujao.

Wake wa askari wametoka mbali, wengi wao si watu wa mpunga. Wao waliona zawadi. Wakashika michi, wapate kupika, na jioni tusome dua ya shukrani, tule.

Mwanahija alichukua ungo wa mchele wetu mweupe akaenda kwa Mama Zena, mke wa shaushi, yule mkubwa wa askari wetu, akaomba wabadilishane. Mama Zena akacheka. "Wautakia nini huu unaonuka moshi, shoga? Mumeo kauchoka mweupe?" Akampa fungu moja, bure. Mwanahija akashukuru.

Alishukuru.

Jioni nilijaribu kukwepa. Nikasema tumbo linaniuma.

"Wewe, mwalimu?" Mama Zena akasema mbele ya watu. "Tumbo lililomaliza sinia ya maulidi peke yake?" Wakacheka wote, nami nikacheka. Mzaha huo nimeulea mwenyewe miaka mingi, na leo ndio ulionifungia mlango. Na kweli ningeisemaje? Mume wa Mmatumbi, ndani ya boma lenye mti wa kunyongea watu?

Nikasoma dua. Zena, binti wa shaushi, akanipakulia kwa mkono wake. "Kula, mwalimu. Baba kautoa mbali."

Nikala.

Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo nisiloweza kumwambia mke wangu.

Watoto walimwomba Mungu awape baba zao nguvu, awarudishe salama. Wanawapenda baba zao, na baba zao wanawapenda. Nimewatafutia kosa ili nipate wa kumkasirikia, sikuliona. Hasira ikarudi nyumbani kwa mwenyewe.

Sasa Mwanahija yuko jikoni. Lile fungu amelitundika juu ya meko yetu. Hajaniuliza nimekula kiasi gani. Amesema tu, "Somoe akija, atapanda."

Tulipokuwa tunaagana, Zena alinishika kanzu. Watoto wamekubaliana kusuka tena, na kesho baada ya sala ya Ijumaa watakuja kwangu kuchagua ukindu. Alitaka kujua jambo moja tu: safari hii wasuke makapu makubwa zaidi?