Ncha ya Khanga

Jumatatu, 6 Agosti 1979
Tumefika hospitali, Geita. Kutoka Ushirombo tulipanda lori la pamba. Binti yangu Epifania alimpakata mwanawe, Athanas, ambaye hata mwezi hajatimiza. Mtoto hukata pumzi! Kifua hutulia, midomo huwa ya buluu. Akifinywa unyayo, huvuta hewa tena. Mke wangu, Mama Epifania, asema ni kiu, kwa sababu mtoto hakojoi. Njia nzima alimnywesha maji ya sukari kwa kijiko.

Jumanne, 7 Agosti
Daktari Sabiti amepima damu. Chumvi imepungua mno. Mwalimu mimi, nilimtaka anieleze kwa utaratibu. Ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zizuie maji. Kwa Athanas imezidi. Maji yakijaa, ubongo huvimba, pumzi hukatika. Pumzi ikikatika, homoni huzidi tena — ndivyo anavyodhani. Asipewe hata tone la maji. Maziwa ya mama tu, kwa kipimo.
"Mwalimu, mtoto hajakauka. Amejaa."
Mama Epifania alimjia juu. "Amejaa wapi? Nepi kavu toka asubuhi! Hata ndama hanyimwi maji, daktari."
Wodi nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Nilimnyang'anya kijiko.

Alhamisi, 9 Agosti
Nepi imelowa! Pumzi haijakatika tangu jana. Epifania aliikumbatia nepi ile akalia. Sikujua kwamba mtu aweza kumshukuru Mungu kwa mkojo.

Ijumaa, 10 Agosti
Vibaya. Nepi kavu, midomo buluu tena na tena. Daktari aliuliza ni nani aliyempa maji. Mama Epifania aliapa kwa Bikira Maria kwamba hajashika kijiko. Nilimwamini. Kijiko kimo mfukoni mwangu.

Jumamosi, 11 Agosti
Epifania amelala, hoi. Mama yake anampakata mtoto, anamwimbia Kisumbwa. Athanas ananyonya kitu. Si titi — ni ncha ya khanga! Khanga nzima kavu, ncha yadondosha maji. Chini ya kiti, kikombe.
"Baba Epifania, ulimi wake umekauka. Wote niliwalea hivi. Nani alikufa?"
Nimeitoa khanga kinywani. Mtoto analia. Aendelee kulia! Maadamu analia, anavuta hewa.
Ananisihi nisiseme, Epifania hatamsamehe. Ncha ameificha katika ngumi, maji yanampitia vidoleni.
Daktari yupo kwenye kitanda cha jirani.
"Shikamoo, Mwalimu. Nani kampa maji?"
Marahaba, nimeitika. Mama Epifania amenikazia macho. Mtoto amenyamaza, midomo yageuka buluu —