Maharagi Tuliyokula kwenye Matanga Yako

Koko, bibi yangu mpendwa,

Kabla hujayasikia kwa mwingine huko uliko, acha nikwambie miye mwenyewe: mbegu zako tulizila. Tena kwenye matanga yako, na watu wakasifu upishi.

Usikasirike kwanza. Ulipotuacha mwezi wa saba, watu walipanda mlima kutoka Bukavu, Kamanyola, hata wale wa Sange uliosema wamesahau njia ya nyumbani. Siku ya pili chakula kikapunguka. Binti yako, Tantine Furaha, katika kuhangaika, akanyoosha mkono juu ya moto, akashusha kile kibuyu kikubwa. Alikuta maharagi yamechanganyika na majivu, ile kinga yako ya wadudu, akafikiri ni mambo ya uzee. Akayaosha, akayatia kwenye chungu.

Nilikula sahani mbili, Koko. Nikamwuliza ameyatoa wapi, mbona matamu hivi. Aliponijibu, nikapiga ukelele:

"Tantine, ile haikuwa ya kula! Iko mbegu!"

"Yesu wangu! Nitajua namna gani? Miye kule Sange ninanunua ku soko!"

Alilia kuliko alivyolia kaburini. Nilitaka kumgombeza, nikashindwa.

Yeye hakuwepo mwaka ule tulipokimbia vita. Miye nilikuwa mdogo, nakufuata nyuma porini. Wengine walibeba magodoro na masufuria, wewe ulifunga mbegu tumboni kwa kitambaa, wanawake wakakucheka eti mama mzee iko na mimba. Nililia njaa, nikakuomba uzipike. Ukanikatalia kabisa. "Tembea. Tukirudi utakula mpaka uchoke." Siku ile nilikuchukia. Tulirudi tukakuta nyumba imechomwa, ukaanza kulima kabla hata ya kusimamisha ukuta, na kweli nilikula mpaka nikachoka. Ulipewa mbegu hizo na mama mkwe wako ukiwa bibi harusi, ukalelea watoto, sisi wajukuu, na watoto wetu pia. Ukinikuta nachezea zile zenye madoa, kofi!

Basi baada ya matanga, tonton, ndugu yake Tantine, akasema nyumba ifungwe, shamba liachwe, kila mtu arudi kwake. Moyo uliniuma sana. Niliona umekufa mara ya pili.

Ndipo nikamkumbuka Nabintu. Ndiyo, huyo huyo jirani uliyegombana naye juu ya mbuzi wake, mkapeana mgongo hata mbele ya kanisa! Lakini zamani ulimkopesha mbegu, kama ulivyokopesha mlima mzima, na mtu akivuna alikurudishia mbegu ileile. Wengine nimewauliza: wamekwisha kuchanganya na za soko. Tukaenda kwake na Tantine, tunanyata kama wezi.

Alitusikiliza amekunja uso. "Ule mama alinitukana miaka na miaka," alisema. Kisha akaingia ndani, akakaa sana. Akatoka na kikapu. "Ni yake. Sikuchanganya hata na za mama yangu. Mukivuna, munirudishie, kama alivyotaka mwenyewe."

Mvua ya mwezi wa tisa ilitukuta shambani. Tantine alikataa kurudi Sange. Mume wake alipopiga simu, alimjibu, "Papa, unifuate huku." Akamfuata kweli! Sasa wanalala chumbani mwako, na ole wake atakayegusa kibuyu. Miye napanda kila Jumamosi kutoka kwangu Nyalukemba, Bukavu, narudi na matope mpaka magotini, na nina furaha, Koko. Ninakukosa sana, lakini nina furaha.

Juma lililopita tumevuna. Ya manjano, mekundu, yale ya madoa, yote yamerudi. Tukampelekea Nabintu kikapu kimejaa. Alitia mkono ndani, akachagua, akanusa, nikadhani anatafuta kosa. Akaweka nusu pembeni, nusu nyingine akaisukuma kwa Tantine Furaha.

"Hii urudishe juu ya moto," akasema. "Siku miye nitakufa, unipikie namna ulimupikia yeye. Watu banasema yalikuwa matamu."

Tantine alicheka mpaka akakaa chini.

Lala salama, mama yetu sote.

Mjukuu wako uliyemtembeza porini na njaa