Tundu kwenye Shingo ya Pongo

Mjukuu wangu Zuhura, amahoro.

Natangaza rasmi, mbele ya ukoo wote, kwamba kuku wa bibi yako ametaga kitandani mwangu. Wengine hapa Rumonge tuko salama.

Umeuliza kama nami niliwahi kuharibu kazi ya mteja, kama wewe na lile gauni. Niliwahi. Nikiwa kijana, patroni mmoja wa Bujumbura aliniletea ngozi ya pongo, yule swala wa msituni, nimtengenezee kichwa cha kutundika sebuleni. Ngozi hiyo hukwanguliwa kwa ndani hadi iwe nyembamba, chumvi ipenye; ikibaki nene, manyoya hunyonyoka. Nilikwangua shingo mpaka kidole changu kikatokea upande wa pili. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Ikikataliwa, narudi kubeba mikungu ya chikichi.

Alipokuja nilifungua mdomo niungame, lakini tundu akaliona yeye kwanza.

"Ah, fundi! Iko hapa risasi yangu ilipita! Usishone, wageni waone."

"Ndiyo, patroni."

Nilipumua kama mtu aliyeibuka ziwani. Wewe kosa lako liseme, mama, ila mwache mteja atazame kwanza.

Baadaye dereva wake alinieleza kwamba pongo yule walimgonga na gari.