Mkono Unaokata Moto

Melini, Ghuba ya Tonkin
6 Novemba 1967

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka majini. Goti lako limeacha kelele? Na kifua cha Mama? Mimi mzima wa mwili. Mkate wa iliki umefika ukiwa makombo matupu. Wendell, rubani mwenzangu wa chumbani, ameula kwa kijiko na anasema vita vikiisha anahamia kwenu.

Huku mawingu yameshuka, bahari na mbingu zimekuwa rangi moja ya maziwa. Nikirudi na ndege kutoka kupiga daraja moja la adui (tunalivunja Jumatatu, Alhamisi limesimama tena, sijui hao watu wanalala saa ngapi), naitafuta meli naikuta inaning'inia hewani, ndogo, kama haina maji chini yake. Nashuka najiona naota. Na ni ndoto tamu, Baba, hapo ndipo ninapoogopa.

Unajua sisi tunavyotua siku hizi. Magurudumu yakigusa sitaha ya meli unafungulia moto wote wa injini, kama mtu anayeondoka. Ndoano ya mkiani ikinasa kamba ya chuma, kamba inakusimamisha. Ikikosa, una nguvu ya kupaa tena. Sasa Jumamosi, nilipogusa tu, mkono wangu ukakata moto. Wenyewe! Bahati kamba ilininasa. Jana umerudia. Siku ndoano ikikosa nitatumbukia mbele ya meli, nayo itapita juu yangu.

Huku rubani ni wa kujitolea. Siku yoyote anaweza kuweka beji yake ya mabawa mezani kwa mkuu wa kikosi, na hafungwi. Ila akishaiweka, hakuna anayekula naye meza moja. Nawe utawatazamaje wazee wenzako wa vita pale ukumbini kila Ijumaa? Nifanye nini?

Mwanao,
Reino

*

Astoria, Oregon
17 Novemba 1967

Mwanangu Reino,

Barua yako imetukuta hai. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Mama yako anatibu kikohozi kwa kahawa, ukimwambia apumzike anakununia. Nimemwambia umeandika habari za mawingu tu.

Niliisoma ndani ya sauna, humo kwenye mvuke, ikalowa chapachapa. Nilipofika penye mkono, moyo ulinilipuka paa! Reino, mkono huo nimeufundisha mimi.

Unakumbuka baraza la nyuma? Ulikuwa na miaka minne, nami ndio kwanza nimetoka Vita vya Pili vya Dunia, kurusha ndege za topido, yale makombora ya kuzamisha meli. Ulikuwa unakaa juu ya kiti kilichopinduliwa, mpini wa ufagio mkononi, mimi nimesimama mbele yako na vikaango viwili vya mama yako, nakupa ishara kama yule afisa wa sitaha anayeongoza ndege kutua. Nikipitisha kikaango shingoni napiga kelele, "Kata!" Unavuta mpini, unaacha kunguruma, umetua, nakubeba juu. Enzi zetu ndivyo tulivyotua. Ndege za wenzako zimepangwa mbele yako kwenye sitaha ile ile, usipokata moto unapopewa ishara, unawavamia. Tulicheza hivyo mpaka ukaanza shule. Usiku nilikuwa sipati usingizi, na mchezo ule ndio uliokuwa unanituliza.

Sasa umechoka, na mtu akichoka sana mwili unashika alichojifunza kwanza. Huwezi kuukemea ukasikia. Weka mabawa hayo mezani, mwanangu, leo hii. Wazee wa ukumbini waache wanune, sura zao si nzuri hata wakicheka.

Baba yako

*

Astoria
8 Desemba 1967

Reino mwanangu,

Sisi wazima, wewe je? Wiki tatu, hata mstari mmoja. Nakwenda posta kila siku mpaka karani ananiuliza kama nataka kazi. Ukungu wa mtoni hauondoki. Asubuhi nasimama nauangalia naona kama utatokea humo, umeinamisha bawa moja. Kama barua yangu hukuipata, nasema tena: weka mabawa. Kama umekasirika, kasirika, lakini andika.

Baba yako

*

Melini
10 Desemba 1967

Baba mpendwa,

Nisamehe kimya. Barua yako ya tarehe 17 ilizungushwa huko ilikozungushwa, imenifika jana. Mimi mzima, na safari hii namaanisha.

Wiki iliyopita ndoano ilikosa. Mkono ulikuwa umeshakata moto. Nilitoka mwisho wa sitaha taratibu, kimya, nikazama kuelekea maji mpaka nikaona povu moja moja. Nilikuwa natabasamu, Baba. Kisha nikasikia sauti ya Wendell redioni inanitukana matusi ya kwao Texas, nikashtuka, nikafungulia moto. Aliyekuwa pale sitahani anasema matairi yalirudi yamelowa.

Hata hivyo niliendelea kuruka, kwa aibu tu. Jana nimesoma habari za vikaango, nikacheka peke yangu, nikalia, nikaenda kwa mkuu. Akaniuliza, "Umechoka?" Nikamwambia, "Mkono wangu uko nyumbani, Mkuu, mimi ndiye niliyebaki." Akaichukua beji, akaifungia kwenye droo.

Chakula cha jioni nilikaa peke yangu. Watu walipita na sahani zao wanaangalia ukuta. Mara Wendell akaja akaketi ubavuni kwangu: "Sogea huko, unakula kama uko msibani!" Nikasogea.

Kesho ndege ya posta inanitoa. Nitasubiri jibu lako San Diego, anwani iko nyuma ya bahasha. Usijilaumu hata kidogo kwa mchezo ule, niliupenda. Ila ukiona aibu kunipokea, niambie wazi, nitafute kazi huko huko.

Mwanao,
Reino

*

Astoria
19 Desemba 1967

Mwanangu,

Barua imefika, nasi wazima kuliko tulivyokuwa wiki iliyopita. Mama yako nimemweleza yote. Amenitukana kwa Kifini, akapumzika kidogo, akanitukana tena, halafu akaenda kukutandikia kitanda.

Ijumaa nilikwenda ukumbini. Nikasimama nikawaambia: Reino ameweka mabawa, anarudi. Wakakodolea macho vikombe vyao. Lindqvist, unamjua na mdomo wake, akasema, "Na wewe Eino huoni aibu?"

Nilitaka kumpiga ngumi, kweli. Badala yake nikawasimulia jambo ambalo hata mama yako sijawahi kumwambia. Mpiga bunduki wangu, Arvo, yule aliyekuwa anakaa nyuma yangu kwenye ndege, hakurudi; tulianguka baharini, nikaokolewa peke yangu. Vita vilipoisha nikaenda kwa mama yake. Nikabisha hodi na magwanda yangu na nishani zangu. Akafungua mlango, Reino, na hakuniangalia mimi. Aliangalia nyuma yangu, kuona kama kuna mwingine anakuja.

Lindqvist alinisindikiza mpaka nje, akanishikia mwavuli.

Panda basi uje nyumbani, mwanangu.

Baba yako