Binti yangu anamkatalia ndoyi wake, nimfanyeje?

Mama Lucie mpendwa, kila Jumatano nakusikiliza redioni nikianika dagaa zangu, ndakala, na leo ni mimi ninayeomba msaada, unijibu kabla ya Jumamosi, maana mtoto amenishinda.

Nina binti wa miaka kumi na tatu, K. (jina nimelikata mimi, Mama Lucie), tulimpa jina la shangazi wa baba yake, mama mmoja wa Moba aliyevuka ziwa kwenda Kigoma wakati wa vita na hakurudi, na wewe unajua kwetu ndoyi ni mzazi wa pili, mwenye jina na aliyepewa jina wanaitana ndoyi, na aliyekupa jina hafungiwi mlango wala hanyimwi kitu. Basi mwaka jana mtoto alipopata kipaimara nikaweka picha yake Facebook na gauni lake jeupe, nikaandika habari yote, jina la bibi, jina la babu, kijiji, mwaka aliovuka, nikasema kama uko hai, mama yetu, tazama ndoyi wako amekua, na namba yangu nikaiweka chini ili asipate shida kunipata. Mama Lucie, hazikupita wiki tatu akaandika! Nililia. Alijua majina yetu yote, alijua na kijiji, akasema simu yake imeharibika sauti hawezi kuongea, ataandika tu, akatutumia mega za intaneti ili tusikatike, akaomba vipimo amshonee ndoyi wake gauni la sikukuu, nikampiga mtoto picha mbele na ubavuni nikatuma mwenyewe, halafu akaomba namba ya mtoto, nikampa, maana mambo ya ndoyi na ndoyi mzazi haingilii.

Shida ilianza mwezi uliopita, bibi aliponiandikia, "Mutoto yako amenifungia mulango, njo malezi gani hiyo?" Nikachukua simu ya mtoto nikakuta kweli amemfunga asiweze kumwandikia tena. Nilipomuuliza akanijibu, "Mama, ule muntu haiko ndoyi yangu. Ndoyi gani anaomba picha, anasema nisikuonyeshe wewe?" Nikaona ni kiburi cha watoto wa siku hizi, nikampiga kofi, nikampigisha magoti, akaomba msamaha kwa sauti nikarekodi nikamtumia bibi, kisha nikamfungulia njia mimi mwenyewe. Bibi amesamehe, ana moyo mzuri, sasa anasema Jumamosi kuna mtu wake anaitwa Rubens anakuja na boti, nimwache mtoto bandarini avuke naye akakae kule likizo nzima, nami nisisubiri kwa sababu huyo Rubens ana haraka. Mtoto anasema haendi, siku ya pili leo hagusi ugali wake wa bukari, ananitazama tu. Baba yake yuko Kabimba kwenye kazi ya saruji, sijamwambia bado, nilitaka apate furaha akirudi. Nimfanyeje huyu mtoto ili amheshimu aliyempa jina?

Mama K., mtaa wa … (nao nimeukata)

*

Mama K., mtoto haendi. Naanza hapo ili hata betri ya redio yako ikikatika, uwe umesikia la maana.

Umeniandikia mimi, mtu usiyewahi kumwona, jina lote la binti yako, shule yake, darasa lake, na hata rangi ya mlango wenu. Nimefuta yote kabla ya kusoma hewani. Ugonjwa wako ndio huo, na wengi wanaonisikiliza wanao. Unashangaa bibi alijua majina yenu. Angekosaje? Uliyaandika mwenyewe, na namba ukaweka chini. Rudi kwenye ujumbe wake utafute neno moja tu ambalo hakulisoma kwako.

Huyo ni nani, sijui, wala wewe hujui. Huenda hata si mwanamke. Ninachokiona ni kazi yake: hana sauti, hana sura, anataka picha ambayo mama asiione, na anataka mtoto aachwe bandarini peke yake. Ndoyi ninayemjua mimi anakuja mchana, anabisha hodi, anakula bukari mbele ya wazazi, na gauni analileta mkononi. Mila yetu ni nzuri, usiitupe. Lakini hakuna mzee aliyetufundisha kwamba ndoyi anapitia kwenye simu ya mtoto kwa siri.

Nakuhurumia, ujue. Nyumba nyingi za hapa Kalemie zina mtu aliyevuka na hakurudi, na mjanja anajua kidonda kiko wapi. Ila huruma yangu inaishia kwenye lile kofi. Mtoto aliona nyoka akasema, wewe ukampiga kwa kusema.

Leo hii, kabla hujagusa kitu kingine, mpigie baba yake Kabimba. Furaha uliyomwandalia ingoje. Usifute ujumbe hata mmoja, usimtukane huyo mtu, usimwambie mmemshtukia. Chukua simu zote mbili, mwende na mkubwa wa familia kwa polisi wanaoshughulikia watoto, muwaonyeshe jina la Rubens na siku ya boti. Wewe usiende bandarini kumvizia, hiyo kazi ina wenyewe, wewe una ndakala za kuanika. Ile picha ya kipaimara iondoe Facebook, baada ya polisi kuiona, pamoja na habari zake zote. Halafu piga simu Moba, uulize wazee kama kuna mwenye habari ya kweli ya mama yenu. Hilo lilipaswa kuwa la kwanza.

Tuje kwa mtoto. Muulize aliombwa picha gani, na kama alituma. Akisema alituma, mikono yako ikae mapajani. Mwenye kosa ni mkubwa aliyeomba, na mwambie hivyo kwa mdomo wako. Ukimpiga tena, siku nyingine hatasema kitu, na mtoto asiyesema anapotea akiwa humo humo nyumbani.

Ulimpigisha magoti mbele ya mtu asiyekuwepo. Sikuambii nawe upige magoti, kwetu mzazi hafanyi hivyo, na mtoto angeogopa zaidi. Vuta kigoda uketi chini, macho yenu yalingane, mtengee bukari lake, umwambie: "Ulifanya vizuri kumufungia. Mimi njo nilimufungulia."